Mayai ya kware hayatotoi? Kabla ya kulaumu mashine, hesabu madume

Mkuu, umesema uliweka mayai 60 kwenye mashine yakatotoka 11, na majike wako wana upara kisogoni. Hayo mambo mawili ni jambo moja. Madume 10 kwa majike 14 ndani ya banda moja ni vita tu.

Nami yalinikuta hapa Morogoro nilipoanza. Nilinunua kware 30 wa wiki tatu, nikaambiwa "wamechanganyika", nikawaacha hivyo hivyo. Wiki ya saba nikaanza kuokota mayai, raha tupu. Siku chache baadaye nikamkuta jike amejikunyata pembeni, ngozi ya kichwa imechunika, damu imegandia manyoya. Dume akipanda humshika jike kwa mdomo nyuma ya kichwa. Wakiwa wengi, jike hapati hata nafasi ya kula, na madume wenyewe wanasukumana bila kupandisha sawasawa. Usipoyamulika mayai kwa tochi kuona ndani utadhani ni joto la mashine, kumbe yai halina mbegu kabisa.

Kuwatambua ni rahisi kwa hawa wa kahawia: kifua cha dume ni chekundu-kahawia bila madoa, cha jike kimepauka na kina madoa meusi. Weupe wanachanganya, kwa hiyo mgeuze, ubonyeze taratibu ule uvimbe ulio juu ya tundu la haja. Dume aliyekomaa hutoa povu jeupe, zito, kama la sabuni. Dume asiye na povu mimi simweki kwenye uzazi.

Sasa hivi naweka dume 1 kwa majike 3 au 4, kila familia na kizimba chake. Nikishawapanga nasubiri wiki nzima ndipo niokote mayai ya kutotolesha. Yale ya mwanzo tunakula.

Jambo lingine ambalo watu hawalisemi: undugu. Mwaka uliofuata nilibakiza madume niliowatotolesha mwenyewe, nikawapandisha dada zao. Vifaranga wakapungua, wengine miguu imepinda. Kware huumizwa na hilo upesi kuliko kuku. Tangu hapo madume wa uzazi nachukua kutoka kwa mfugaji mwingine.

Mayai usiyahifadhi zaidi ya siku 7 kabla ya kuyaingiza kwenye mashine, ncha nyembamba iangalie chini. Mashine nyuzi 37.5, geuza hadi siku ya 14 kisha yaache. Siku ya 17 au 18 utasikia milio. Usitegemee jike ayalalie, hawa wa kufugwa karibu wote wameshasahau kuatamia.

Kwa majike wako 14, bakiza madume wanne: familia mbili za majike wanne, mbili za watatu. Wahamishe usiku wakiwa wametulia. Wenye vidonda watenge kwanza mpaka manyoya yaote. Madume sita waliobaki wape kizimba chao mbali na majike, uwanenepeshe kwa nyama.