Mwalimu, mbele za watu sauti yangu inapotea

Msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, umekaribia, na barua nyingi nilizopata zinauliza jambo moja kwa namna tofauti. Nimechagua tano.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, chuo kikuu Dodoma. Tukipewa presentesheni ya kikundi mimi huandaa slaidi, mwenzangu ndiye anayezungumza. Nikisimama mimi, mikono inatetemeka.

Marahaba. Kutetemeka si kasoro. Macho mengi yakikuelekea, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka. Hata wazoefu huyapata hayo. Ila wao maneno yao wameshayatamka kwa sauti kabla ya siku yenyewe, ilhali wewe umeyasoma kimoyomoyo tu.

Chukua slaidi moja, uieleze kwa dakika 2 huku ukijirekodi kwa simu. Sikiliza, rudia. Kesho yake mweleze mwenzako mmoja wa bweni, halafu watatu. Kisha omba kikundi kikupe sehemu ya kufungua. Ndiyo, kufungua, maana kukaa unasubiri zamu ndiko kunakochosha moyo. Sentensi mbili za mwanzo zikariri. Zilizobaki zijue kwa hoja, kwa sababu aliyekariri yote akipotewa na neno moja amepotewa na kila kitu.

Na slaidi acha kuzifanya ziwe malipo ya kutosema. Nimekaa kwenye meza za usaili nikaona vijana walioibeba kazi ya kikundi kizima wakishindwa kueleza walichokifanya kwa mikono yao wenyewe, nafasi ikaenda kwa mwingine. Hadi leo inaniuma.

Nasoma umeme VETA, chuo cha ufundi stadi. Haya mambo ya kujieleza si ya watu wa ofisini?

Hapana, mdogo wangu. Mteja haujui umeme. Anachokiona ni wewe na maneno yako. Mama anakuuliza kwa nini umeme unakata kila akiwasha jiko. Ukimjibu "kuna shida kwenye waya" kisha ukataja bei, atahisi unamlia hela. Mwambie hivi: "Mama, waya huu ni mwembamba, na sakiti breka imewekwa kwa kipimo chake. Jiko linavuta umeme mwingi kuliko waya unavyomudu, kwa hiyo breka inakata ili waya usiungue. Tuvute waya mnene wa jiko peke yake." Hapo amekuelewa, na jirani yake akitafuta fundi atakutaja wewe. Kila ukijifunza kitu karakana, jioni mweleze mtu asiye fundi mpaka akuulize swali la maana.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Kwenye usaili nitaponaje?

Tatizo hili si lako peke yako. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Wengi tulikijua kama lugha ya kunakili ubaoni, si ya kuzungumza. Kwa hiyo anza na hoja: ipange kwa Kiswahili hadi ikae sawa, ndipo uitafute kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Neno kubwa usiloliamini liache. Usiposikia swali vizuri, omba walirudie, hakuna ubaya.

Tena, ukiambiwa ujieleze, "mimi ni mchapakazi" halina uzito kwa lugha yoyote. "Nikiwa fildi nilikuta majalada ya masjala yamechanganyika, nikayapanga kwa namba na mwaka" lina uzito hata likisemwa kwa Kiingereza chenye makosa.

Nina kigugumizi tangu utotoni, na naomba kazi ya uhasibu. Niwaambie au nifiche?

Waambie, wewe mwenyewe, mwanzoni kabisa: "Nina kigugumizi, naomba mnipe muda nimalize." Basi. Usiombe radhi. Ukikificha, nguvu zote zinakwenda kwenye kukwepa maneno magumu, na majibu unayoyajua vizuri yanatoka nusu. Kigugumizi hakipimi akili wala ujasiri. Tarehe 22 Oktoba kila mwaka dunia ina siku maalumu ya kuwakumbusha watu jambo hilo. Nanyi mnaosoma naye, msimmalizie sentensi. Najua mnafanya kwa huruma, lakini mnamnyang'anya zamu yake.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwalimu wake anasema hanyooshi mkono kamwe. Nyumbani pia ni mkimya.

Dada, ukimya wenyewe si ugonjwa. Wapo watoto wanaofikiri kabla ya kusema. Ila jiulize kama nyumbani anaulizwa chochote zaidi ya "umekula?" na "umefua?" Wengi wetu tulilelewa tukijua mtoto mwema, hasa wa kike, ni asiyesema mbele ya wakubwa. Adabu ibaki, na sauti yake nayo ipewe nafasi. Mtume dukani akabadilishe bidhaa iliyoharibika, aeleze mwenyewe. Mkienda zahanati, daktari akiuliza anaumwa nini, wewe nyamaza, ajibu yeye. Usiku muulize kwa nini anapenda somo fulani, kisha subiri. Anaweza kuchukua nusu dakika kabla ya kufungua mdomo. Usimjibie.