Kabla Hujanunua Kostiki, Nionyeshe Utakapoiweka

Wiki hii dada mmoja wa Sengerema kaniandikia. Ana mtaji wa laki tatu, kapata mtu wa kumletea mawese kutoka Kigoma kwa bei nzuri, anataka kuanza sabuni za mche. Swali lake ni lile lile mnaloniuliza wote: dumu moja la mafuta linatoa faida kiasi gani? Nikamuuliza na mimi: kostiki (kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) utaiweka wapi? Akakaa kimya kidogo, halafu akajibu, "Si chini ya kitanda tu, dada? Chumba ni kimoja."

Makala hii ni yake, na ni yenu wote mnaotaka kufika nilipofika. Najua mnataka. Nikiweka picha ya miche yangu imepangwa kwenye rafu, imekatwa sawasawa, simu hailali. Ila hakuna hata mmoja anayeuliza habari za glavu.

Wengi mnadhani nilijifunzia sabuni kwenye semina. Hapana. Kostiki nilikutana nayo kiwandani, kabla sijajua kuwa inatengeneza sabuni. Nilikuwa kibarua wa usafi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, upande wa Ilemela, hapa Mwanza. Wakata minofu wakishatoka, tunaingia sisi. Meza zimejaa mafuta ya samaki, yameganda kwenye kila kona, na yale mafuta hayatoki kwa maji na brashi hata usugue mpaka asubuhi. Yanatoka kwa kostiki. Unaimwagia, unaiacha ifanye kazi, unasuuza. Viwanda vya soda na bia navyo huoshea chupa kwa kemikali hiyo hiyo. Kwa hiyo msinione naikuza: kinachochubua mafuta ya sangara kwenye chuma hakitashindwa na ngozi yako.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kisukuma asiye na maneno mengi. Kabla ya zamu alitukagua kuanzia miguuni. "Mayu, suruali nje." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na suruali nje maana yake suruali ishuke juu ya buti, isichomekwe ndani. Mimi nilidhani ni mambo ya kijeshi tu. Siku alipoamua kueleza alisema sentensi mbili: ukichomeka, tone likiteleza kwenye suruali linaingia ndani ya buti, na likishaingia humo litakaa na mguu wako mpaka zamu iishe. Mpaka leo navaa hivyo hivyo, na wateja wanaokuja kuchukua mzigo wananishangaa.

Ni yeye pia aliyetufundisha kuhusu utelezi. Kostiki ikikugusa vidoleni, mara nyingi haiumi papo hapo. Unasikia vidole vinateleza, kama umeshika sabuni. Basi huo utelezi ni sabuni kweli: mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni huku unatazama. Tindikali kali inakuwahi kwa maumivu, unaruka. Kostiki inazama taratibu, inayeyusha nyama inavyoshuka, na ukija kusikia moto imeshafika mbali. Kwa hiyo ukisikia utelezi usisubiri maumivu, kimbilia maji.

Baadaye sangara wakapungua, zamu zikakatwa, na sisi vibarua ndio tuliokuwa wa kwanza kuambiwa tusirudi. Hapakuwa na barua wala ahsante. Nikipita lile geti bado kuna kitu kinanikaba hapa, siwezi kuwadanganya. Ila mkono wangu ulitoka na elimu ambayo hawakuweza kunivua mlangoni pamoja na koti lao.

Kipindi kilichofuata sina haja ya kukisimulia. Niliuza dagaa, nikauza vitumbua, turuke.

Nikajiunga na kikundi cha akina mama huku Igoma, tukiwa na ndoto ya ule mkopo unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Tukachangishana, tukaitiwa mwalimu wa ujasiriamali. Alikuja na suti na viatu vya kung'aa. Kostiki aliichota kwa kikombe cha chai. Hakuwa na glavu hata jozi moja, wala miwani, na watoto wa wanakikundi walikuwa wanazunguka meza ile ile. Nikanyoosha mkono nikauliza miwani iko wapi. Akatabasamu, akawaambia wenzangu, "Mama huyu anataka udaktari." Ukumbi mzima ukacheka. Kuanzia siku hiyo nikawa Dokta. Sio kwa heshima.

Somo lake lilikuwa hilo hilo mnaloliona mitandaoni kila siku: faida, faida, faida, na kemikali "kiasi". Kiasi gani? Kilo moja ya mawese inahitaji takribani gramu 141 za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni. Mimi napunguza asilimia 5, naweka gramu 134, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki iishe yote. Mafuta ya pamba yanakula kidogo chini ya hizo 141, na ya nazi yanakula zaidi, karibu gramu 183 kwa kilo. Kikombe hakiwezi kukwambia hayo. Kuna kostiki ya magamba na kuna ya chembe za duara. Kikombe kimoja cha hii hakina uzito sawa na kikombe cha ile. Nunua mizani ya kidijitali. Kostiki ikizidi, sabuni inamchuna mteja mikono, na mteja aliyechunika mikono haulizi ulisoma kwa nani.

Siku ya kutengeneza mzigo wa kwanza tulikutana nyumbani kwa katibu. Akatoa sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia misibani. Nikasema dada, hapana, kostiki haiwekwi kwenye alumini. Akanijibu, "Dokta ameanza." Akamimina.

Kwanza yakaja mapovu madogo madogo pembeni, kama maji yanayotaka kuchemka, na sufuria ikaanza kugeuka nyeusi kwa ndani. Halafu yakapanda. Kostiki ilikuwa imeshachubua ule utando unaoilinda alumini na sasa ilikuwa inaila yenyewe, na katika kuila inatoa gesi ya haidrojeni. Haidrojeni inashika moto upesi kuliko petroli, na pale pale kando kulikuwa na jiko la mkaa lina maharage. Nilichokimbilia kwanza ni jiko, nikalisogeza mbali kabisa. Nilipogeuka lile povu lilikuwa limeshamwagikia mkono wa katibu, kuanzia kiganjani kuelekea kwenye kiwiko.

Mnajua watu walikimbilia nini? Mmoja limau, mwingine dawa ya meno. Kila mtu ana tiba yake. Nikamvuta mpaka kwenye pipa la maji, nikamvua bangili na saa (kostiki hujificha chini ya vitu hivyo), nikamwagia, nikamwagia, yeye analia kwamba inatosha na mimi nasema bado. Limau ni asidi, ndiyo, na shuleni walitufundisha asidi inaua nguvu ya alkali kama kostiki. Lakini zikikutana zinatoa joto, na joto hilo linatokea juu ya kidonda. Tena dakika unazotafuta limau ni dakika kostiki inazama. Maji tu, mengi, ya kutiririka. Kama ni unga mkavu, ukung'ute kwanza, kisha maji. Kama ni jicho, shikilia kope zifunguke na mwagia maji dakika 30 bila kupumzika, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama jicho linaonekana zima. Jicho likiunguzwa na alkali linaweza lisirudi tena.

Mkono wake ulipona, umebaki na doa. Kwenye kikao kilichofuata akasimama akasema mimi ndiye niliyemtia hofu mpaka mkono ukatetemeka. Hakuna aliyenitetea, hata yule aliyekuwa ameshika ndoo tulipokuwa tunamwagia. Nikaomba hisa zangu, wakanipa nusu, nikaondoka. Sijasamehe vizuri, na sitajifanya nimesamehe kwa sababu tu naandika makala ya ushauri.

Leo nasambazia maduka kadhaa ya Buhongwa na nyumba za wageni mbili, na juzi mama mmoja wa Mwaloni Kirumba kachukua mzigo mkubwa kuliko wote niliowahi kuutoa, anapeleka visiwani. Nikiwaambia nimefika hapa kwa sababu ya glavu mtacheka, kama ukumbi ule ulivyocheka. Chekeni.

Haya, tuongee kazi. Maji yanatangulia ndani ya ndoo, kostiki inafuata, kidogo kidogo, unakoroga. Usigeuze. Maji yakimwagwa juu ya kostiki yanachemka hapo hapo na kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, joto linaweza kupita nyuzi 80 bila jiko lolote, kwa hiyo tumia maji baridi na usiiname juu ya ndoo. Fanyia nje. Mwanza mchana upepo unatoka ziwani. Upe mgongo, mvuke uende mbali na wewe. Ndoo iwe ya plastiki ngumu, geuza chini usome namba ya aina ya plastiki: iwe 2 au 5. Chupa za maji ya kunywa ni namba 1, kostiki inazila. Ndoo ya bati hapana, ina zinki, na zinki nayo inatoa gesi ile ile. Alumini nimeshasema. Nasema tena: alumini hapana, hata kijiko, hata mfuniko.

Glavu ziwe ndefu za mpira, sio zile nyembamba za hospitali. Miwani iwe imeziba pembeni. Na kabla hujafungua mfuko, jaza pipa la maji safi uliweke hatua mbili kutoka ulipo. Usiniambie una bomba. Mtaani kwetu bomba hukauka bila kuaga, na wewe ukiwa na kostiki jichoni huwezi kuanza kumgongea jirani mwenye tenki.

Sasa chini ya kitanda. Hapana, mdogo wangu. Kostiki inavuta unyevu hewani, mfuko ukiachwa wazi inalowa, inaganda mabonge, na hewa inaipunguza nguvu kidogo kidogo mpaka vipimo vyako vyote vinakuwa uongo na sabuni haishikani. Hiyo ni hasara ya fedha. Hasara nyingine siwezi kuiwekea bei. Mtoto akinywa maji ya kostiki yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, koo linaungua, na kovu likishafunga njia ya chakula anaweza kurudi hospitali miaka na miaka kupanuliwa koo, kama amepona. Ikitokea, usimtapishe, kwa sababu ikipanda itaunguza mara ya pili. Usimpe limau wala mafuta. Msukutue mdomo, mkimbize Bugando, Sekou Toure au hospitali iliyo karibu, na chukua kile chombo mkakionyeshe. Ila ni bora isitokee: chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza, kimeandikwa kwa maandishi makubwa, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jikoni, mbali na asidi ya salfoniki kama unatengeneza na sabuni ya maji. Kama huna hata kona ya kuweka sanduku hilo, kopa chumba cha stoo kabla hujakopa mtaji wa mafuta.

Mabaki usimwage mtaroni. Mitaro mingi ya mjini inaishia mto Mirongo, na Mirongo inaishia ziwani, kule kule tunakovua. Mimi maji ya kostiki yakibaki nayafunika na kuyaandika, naanza nayo mzigo unaofuata.

Na wale wanaotaka kununua kwa magunia ya kilo 25 na kuwauzia wenzao, ipo Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inataka usajiliwe. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Nendeni mkaulize, hawang'ati. Anayekupimia kostiki kwenye mfuko wa karatasi juu ya kaunta ya sukari, usinunue kwake hata akikupunguzia.

Mwezi ujao nafundisha watu wachache nyumbani kwangu, mnaotaka andikeni mapema. Glavu na miwani nitawapa, buti njooni nazo. Ukija na kandambili huingii, hata kama umeshalipa.