Taya zinauma akitafuna: je, ang'olewe jino la tatu?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68. Akianza kula hana shida, ila akitafuna dakika chache taya zinachoka na kuuma mpaka aache. Akipumzika maumivu yanaisha. Ameng'olewa magego mawili, hali ni ileile. Siku hizi kichwa kinamuuma kwenye panja, na hataki kuguswa na kitana. Wanataka kung'oa la tatu. Tukubali?

Jibu: Marahaba. Msikubali. Mpelekeni hospitali leo hii.

Jino bovu huuma ukiling'atia au likiguswa na baridi. Halisubiri tonge la kumi. Taya zinazochoka kwa kutafuna na kutulia kwa kupumzika, tena kwa mtu aliyevuka miaka 50, hunipeleka kwenye mishipa ya damu. Kuta za mishipa ya kichwani huvimba, njia inakuwa nyembamba, na misuli ya kutafunia inakosa damu. Hata hiyo ngozi ya kichwa isiyotaka kitana inaelekeza hukohuko. Uvimbe huo ukifika kwenye mishipa ya jicho, mtu anaweza kupofuka ghafla, na mara nyingi uoni haurudi. Ndiyo maana daktari akiushuku ugonjwa huu huanza prednisolone, dawa ya kushusha uvimbe, mara moja, bila kungoja majibu yote ya vipimo. Mwambieni pia kama mama amewahi kuona giza la ghafla, hata la dakika moja, au kuona vitu viwiliviwili.

Kinachoniuma ni yale magego mawili. Yalipigwa eksirei kabla ya koleo kuingia? Kila mara napokea watu walioachwa na mapengo bure, kwa sababu mtu alisikia "taya" akaona jino. Mmoja aling'olewa manne, kumbe ni mshipa wa fahamu wa usoni: maumivu kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, yakiamshwa na kutafuna au kunawa uso. Mwingine alikuwa anavimba chini ya taya kila akikaa kula, kisha uvimbe unanywea wenyewe. Lilikuwa jiwe kwenye mfereji wa mate. Wote wawili walikuwa wameshauziwa dawa za kusukutua na sindano za "kuua mzizi".

Jino likishang'oka halirudi. Anayetaka kukung'oa akuonyeshe kwanza kwenye picha jino hilo lina nini. Asipoweza, ondoka kwenye kiti chake.