Hesabu bendera kwanza: kwa wanaoanza kusoma sarafu za Kirumi

Anayeanza hukimbilia sura ya kaisari. Nakuomba uigeuze sarafu. Huko nyuma ndiko kaisari alikozungumza na jeshi, na jeshi ndilo lililoweza kumweka madarakani na kumwondoa.

Anza na sarafu ya shaba iliyoandikwa GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Zilifuliwa kwa wingi mno enzi za kaisari Konstantino na wanawe, hivyo hata mwenye mfuko mwepesi anaipata. Ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Askari wawili wamesimama wakitazamana, kofia za chuma kichwani, kila mmoja ameshika mkuki, mkono wa pili umeegemea ngao. Kati yao kuna bendera za vikosi. Zihesabu. Zikiwa mbili, umeshika sarafu ya miaka ya 330 hadi 335 hivi. Ikiwa moja, ni ya baada ya hapo, sarafu zilipopunguzwa uzito. Hujasoma hata herufi moja, na tayari una tarehe!

Kisha soma: anzia chini kushoto, zunguka kama mshale wa saa. V huwa pia U. Chini ya miguu ya askari pana mstari, na chini yake herufi za mji ilikofuliwa: TR ni Trier, mji wa Ujerumani ya leo, SMAN ni Antiokia.

Herufi hizo nilizipoteza kwenye sarafu yangu ya pili. Nilisugua udongo kwa brashi ya waya, ukatoka pamoja na ule ukijani unaoilinda shaba, na jina la mji likaenda nao. Mpaka leo inaniuma. Loweka kwenye maji yasiyo na chumvi, yabadilishe kila baada ya siku chache, kisha tumia kijiti cha mbao chini ya kioo cha kukuzia. Wiki nzima si nyingi.

Maneno ya sifa nayo yasikupoteze. Mwaka 69 kaisari Vitellius alitoa sarafu za FIDES EXERCITVVM, uaminifu wa majeshi, zikiwa na mikono miwili iliyoshikana. Majeshi ya Mashariki na ya mto Danube yakaenda kwa mpinzani wake, jemadari Vespasian, na Desemba ya mwaka huohuo Vitellius akauawa Roma. Tangu nilipoijua habari hiyo, kila nikikuta neno FIDES kwenye sarafu huenda kutafuta ni kikosi gani kilikuwa kinayumba mwaka ule.