Kabla hujaigusa dainamini
Wadogo zangu mnaoingia maabara na kukabidhiwa dainamini 2, protini ya kukata utando wa seli, karibuni. Kazi yake ni rahisi kusimulia: klathrini, protini nyingine, husuka kikapu chini ya utando wa seli, utando unabonyea mpaka unakuwa kifuko chenye shingo nyembamba, kisha dainamini inajiviringisha shingoni kama kamba, inatumia GTP, molekuli inayobeba nishati, na kuikata. Isipofanya kazi, kifuko kinabaki kining'inia. Nzi wa matunda wa aina ya shibire, ambao dainamini yao haistahimili joto, hupooza joto likipanda, ukiwapoza, wanainuka.

Nzi hao ndio walionipoteza. Nilikuja na wazo kwamba jeni ikiwa na hitilafu, kazi hupungua. Kuna ugonjwa wa misuli ambao viini vya seli hukaa katikati ya uzi wa msuli badala ya pembeni. Mwaka 2005 ulihusishwa na DNM2, jeni inayotengeneza dainamini 2. Nikaandika kwenye pendekezo langu kwamba R465W, badiliko moja katika jeni hiyo, limeilemaza dainamini. Msimamizi wangu akapiga mstari mwekundu: "Umepima, au umehisi?" Kumbe dainamini hiyo hushikana kupita kiasi, na GTP haiiachanishi kirahisi. Inazidi, haipungui! Mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba panya wenye ugonjwa wa jamii hiyo hiyo, unaotokana na jeni nyingine, MTM1, walipata nafuu dainamini 2 yao ilipopunguzwa. Sasa fikiria ningewatafutia dawa ya kuiongeza. Na msibebe jibu hilo kila mahali, maana DNM2 hiyo hiyo huleta pia Charcot-Marie-Tooth, ugonjwa wa neva, na huko mambo ni tofauti.

La pili ni la mezani. Dainasori, kizuizi cha dainamini kilichotangazwa mwaka 2006, hunaswa na protini za seramu. Mimi niliimwaga kwenye midia ya kawaida yenye seramu asilimia 10, nikaweka transferini ya kung'aa, protini inayoingia ndani ya seli kwa vifuko hivyo, dakika kumi kwa nyuzi 37. Kwenye hadubini, vidoti vya kijani vimejaa ndani ya seli kana kwamba sikuweka kitu. Nikalaumu chupa, nikaagiza nyingine. Wiki tatu hizo.

Osheni seli, tumieni midia isiyo na seramu. Hata hapo msiiamini dainasori peke yake, kwa sababu huathiri hata seli zisizo na dainamini kabisa. Wekeni pembeni sahani ya seli zenye K44A, dainamini isiyoweza kutumia GTP, mlinganishe.