Teguka si Kiarabu, na si tenguka

Ndugu uliyeuliza kama "teguka" imetoka Kiarabuni, na kama ndiyo hiyo hiyo "tenguka": la kwanza, hapana. La pili, zinakaribiana tu.

Mimi ni mtu wa Lamu. Mwaka juzi nilikuwa nashuka dau pale Shela, maji yamekupwa, ngazi inateleza. Kifundo kikapinda kwa ndani, nikasikia "tak". Kufika adhuhuri kimevimba kama boflo. Jirani akashika kuwa nimevunjika. Bibi akaubonyeza mguu, akanambia nicheze vidole, kisha akakata kauli kwa Kiamu chake: "Haukuvundika huu, umeteguka." Picha ya hospitali ikampa haki. Mfupa mzima, kano ndizo zilizovutika.

Sasa neno lenyewe. Shina ni "tega", la mtego na la kitendawili. Kiswahili kina ile -u- ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Basi tega, tegua, yaani kuondoa kilichotegwa, kama wanavyotegua bomu. Kikiachia chenyewe, kimeteguka. Waganda nao mtego huuita omutego, Wakikuyu mũtego. Ni Kibantu kitupu, hakikushuka jahazini.

Utotoni tukitega ndege shambani: kijiti kimepindwa, kamba imekazwa, kila kitu kinangoja kipande kidogo cha mti. Kikiguswa, vyote vinaachia. Kifundo ndivyo kilivyo, mifupa imetulia kwa kuwa kano zimeikaza pande zote. (Sisi huziita mishipa, lakini mshipa ni wa damu. Kano ndiyo ifungayo mfupa na mfupa.)

"Tenguka" ni ya tengua, kukiondoa kitu mahali pake au kukibatilisha. Ndiyo ya kutengua udhu, na ndiyo unayoisikia kwenye habari za Tanzania, rais ametengua uteuzi wa fulani. Bega likitenguka, mfupa umetoka kwenye kikombe chake, hata ukilitazama unaona limekwenda upande.

Mtaani watu huyaita yote kuteguka na hakuna anayewagombeza. Mimi naishikilia tofauti kwa sababu tiba si moja. Aliyeteguka ni barafu, bandeji, mguu juu ya mto, na uvimbe ukishuka ndipo akandwe kwa uto wa simsim. Aliyetenguka asiguswe na mkandaji kabla ya picha, huenda pana ufa, na neva zimepita hapo hapo.

Binamu yangu alivutwa bega barazani, watu wanne wamemshika, kila mmoja daktari. Lilirudi, lakini mkono ukabaki na ganzi hadi Maulidi, na mwaka ule matari aliyatazama tu.