Steringi hafi, lakini basi linaanguka: wasomaji wauliza kuhusu picha za mapigano

*Ndugu wahariri, habari za kazi. Mimi na shemeji yangu tunabishana juu ya picha ya Speed, pale basi linaporuka pengo la barabara. Yeye anasema lilirushwa kweli, mimi nasema ni kompyuta tu. Tuamulieni.* — Msomaji, Tanga

Shemeji yako yuko karibu zaidi na ukweli. Basi liliruka. Pengo ndilo la kompyuta: barabara hiyo ya Los Angeles, Interstate 105, ilikuwa imeshajengwa mahali pale, na lami ikafutwa kwenye picha baadaye.

Bila njama lisingefika, na hesabu yake mnaweza kuifanya mezani. Pengo linatajwa kuwa futi 50, yaani mita 15 hivi. Basi linakwenda karibu maili 70 kwa saa, sawa na mita 31 kwa sekunde, kwa hiyo linakaa hewani nusu sekunde. Katika nusu sekunde kitu chochote kinaanguka mita 1.2. Tena magurudumu ya mbele yanaiacha lami yale ya nyuma yakiwa bado yameegemea, hivyo pua ndiyo inayoanza kuinama. Lingegonga ukingo wa pili kwa uso. Tazameni tena kipande hicho: pua inapanda juu. Hakuna barabara tambarare inayoinua pua ya basi. Pale palijengwa mteremko wa kurukia na kamera ikauficha.

Hata hivyo sisi tunakitetea kipande hiki. Picha imekupa sheria moja mapema, kwamba basi likishuka chini ya maili 50 kwa saa bomu linalipuka, na imeishika sheria hiyo. Unaijua namba, unaiona mishale ya dashibodi, unajua kwa nini dereva hawezi kukanyaga breki. Uongo ni mmoja, nao umeandaliwa vizuri. Fast & Furious 6 ya mwaka 2013 ilishindwa hapo. Magari yanaifukuza ndege kwenye njia ya kurukia kwa zaidi ya dakika 10. Hata kwa kilomita 160 kwa saa, dakika 10 zinadai njia ya kilomita 27, wakati njia ndefu kabisa za viwanja vya ndege duniani zina kama 5 na nusu. Sababu ni kwamba kila mhusika amepewa ugomvi wake, na dakika zao zinapangwa moja baada ya nyingine badala ya kwenda sambamba. Mtazamaji hapigi hesabu, lakini anahisi kwamba ndege haina haraka, na hofu inamtoka.

*Bunduki ya steringi haiishiwi. Ya kweli inadumu muda gani?* — Msomaji, Mombasa

AK yenye magazini ya risasi 30 inapiga kwa kasi ya risasi 600 kwa dakika. Ukikaza kidole, sekunde 3 zimekwisha. M60, ile ya mkanda inayoshikwa kwa mkono mmoja, ina uzito wa kilo 10 na nusu kabla ya risasi, na mkanda wa risasi 100 unamalizika kwa sekunde 11 hivi.

Na mtu akipigwa risasi harushwi nyuma. Risasi ya bastola ya gramu 8 inayokwenda mita 360 kwa sekunde haiwezi kumsogeza mtu wa kilo 80 hata kwa sentimita 4 kwa sekunde. Anayeruka ukutani amefungwa mkanda mwilini chini ya nguo, kisha anavutwa kwa kebo na mtambo wa hewa iliyobanwa. Kizuia sauti nacho kinasingiziwa mno: bastola inatoa desibeli 160 hivi, kifaa kinapunguza 20 hadi 35, na zinazobaki jirani anazisikia vizuri.

John Wick ya mwaka 2014 ilipata heshima kwa kumwacha steringi abadilishe magazini mbele ya macho yetu. Kila mara mkono unapokwenda kiunoni unapata woga mdogo, na woga huo ndio utamu wenyewe.

Jambo moja tusilipite. Risasi ya maonyesho ina baruti bila kichwa, lakini bado inaua. Brandon Lee alifariki tarehe 31 Machi 1993 wakati wa kutengeneza The Crow: kichwa cha risasi kilikuwa kimebaki ndani ya mtutu bila kugunduliwa, na baruti ya risasi ya maonyesho ikakisukuma nje. Kila mtutu unapaswa kumulikwa kwa tochi kabla ya kila kipande. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

*Tangi la gari likipigwa risasi linalipuka?* — Msomaji, Bujumbura

Hapana. Mvuke wa petroli unawaka tu ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na ndani ya tangi mvuke ni mzito kupita hapo. Risasi ya kawaida inatoboa, petroli inamwagika, basi. Ule moto mkubwa wa rangi ya chungwa ni petroli iliyowekwa chomboni na kurushwa juu kwa baruti kidogo. Guruneti halisi linatoa vumbi la kijivu na kishindo kifupi, na wimbi lake linaondoka kwa kasi inayozidi mita 340 kwa sekunde. Usain Bolt, Berlin 2009, alifikia kama 12. Halikimbiwi.

*Mbona mapigano ya siku hizi yanaumiza macho? Picha za zamani tulizotazama kibanda umiza tulizielewa hata kioo kikiwa kidogo.* — Msomaji, Morogoro

Unachokiona ni mikato, yaani pale picha inapokatwa na kuruka kwenda kamera nyingine. Katika The Bourne Ultimatum (2007) kutoka mkato mmoja hadi mwingine ni kama sekunde 2 kwa wastani. Ikafanya kazi, kila mtu akaiga, na wengi wakaiga kasi bila mpangilio. Kuna kipande maarufu katika Taken 3 ambapo steringi anaruka uzio mmoja kwa mikato zaidi ya 12.

Mara nyingi mkato unaficha kitu. Mwigizaji hakupewa miezi ya mazoezi, au anayepigana ni mtu wa stanti, anayechukua nafasi ya mwigizaji kwenye hatari, na uso wake usionekane, au studio inataka daraja la PG-13 ili vijana waingie, hivyo kamera inakimbia kabla ngumi haijatua. Kosa baya zaidi ni kamera kuruka upande wa pili wa wapiganaji: aliyekuwa kushoto anahamia kulia, na jicho linaanza kutafuta upya.

Lakini wingi wa mikato peke yake si dhambi. Mad Max: Fury Road (2015), iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namib nchini Namibia, ina mikato 2,700 hivi na haichoshi. Mwongozaji George Miller alitaka kitu cha kutazamwa kikae katikati ya fremu kila mara, na mhariri Margaret Sixel akakata kwa kufuata hilo. Jicho halihami. Sixel alipata Oscar ya uhariri.

Jipimie mwenyewe: katikati ya ugomvi simamisha picha, fumba macho, useme adui yuko wapi na mlango uko upande gani. Kibandani mnacho kipimo kingine. Mtafsiri akilazimika kusema "huyu ndiye yule wa mlangoni", mhariri wa picha hakumaliza kazi yake.

*Tivii yangu mpya inafanya kila picha ionekane kama tamthilia, na maneno hayasikiki ila milipuko.* — Msomaji, Muscat

Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Tivii inabuni fremu za katikati na kuitelezesha. Ingia mpangilio wa picha uizime kazi hiyo: LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus). Kwenye sauti, ikiwa una spika za tivii tu, chagua sterio badala ya 5.1 (sauti ya spika nyingi), kwa sababu maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna. Kisha washa hali ya usiku, inayoshusha milipuko na kupandisha sauti ndogo. Jaribu kwenye kipande ambacho watu wananong'ona kabla ya mlipuko. Ukiwasikia bila kushika rimoti, acha hapo hapo.